Mtu Juu ya Behewa la Mizigo Anaitwaje?

Mwenzangu wa chumba ana ugonjwa usio na dawa. Kila usiku kabla ya kulala anatazama treni za mizigo kwenye simu yake. Si treni zetu. Anatazama treni za Mongolia zinazokata jangwa la Gobi wakati wa baridi, au zile za Marekani zinazopita katika nchi kavu ya Nevada na Utah, theluji ikiwa imefunika kila kitu. Injini nne mbele, makontena yamebebana mawili mawili, mkia hauonekani mwisho wake. Hakuna anayezungumza. Unasikia upepo, kisha chuma, kisha upepo tena. Dakika arobaini nzima! Kwa bei ya intaneti ya mji wetu, hayo ni mapenzi ya kweli.

Mwanzoni nilimcheka. Halafu usiku mmoja umeme ulipokatika, nami nimekosa cha kusoma, nikakaa naye kitandani tukatazama pamoja mpaka betri ikaisha. Nakiri kwamba nilipumzika. Asubuhi, nikiwa njiani kwenda darasani, nikajiuliza ni nini hasa kilichonipumzisha, maana theluji siijui na jangwa silijui. Nikapata jibu moja tu: katika video zile hamna mtu. Dereva haonekani. Hakuna anayesubiri, hakuna anayekimbia na furushi, hakuna aliyekaa juu. Mzigo unapita peke yake katika nchi nyeupe, na wewe mtazamaji hudaiwi kitu.

(Hapa niseme jambo moja la kando, kwa kuwa hili ni jarida la kitivo cha lugha. Neno lenyewe theluji tumelipata kwa Waarabu, watu ambao sisi tunawafikiria kwa jangwa na jua. Waliotupa neno la theluji ni watu wa mchanga. Basi treni ya mwenzangu katika jangwa lenye theluji si ajabu kubwa katika Kiswahili kama inavyoonekana machoni.)

Ndugu wasomaji, wengi wenu mnajua kwamba Likasi ni mji wa reli. Ila nina shaka kama tunaitazama. Treni ya kwanza ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikitokea kusini, Sakania. Kutoka huko reli ikapanda kaskazini, ikapita hapa kwetu, na mwaka 1918 ikafika Bukama penye mto. Mwaka 1928 reli ya kampuni ya BCK ikafika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na Kasai ikaunganishwa na Katanga. Miaka mitatu baadaye, 1931, tawi la Tenke likakutana na reli ya Benguela inayoteremka mpaka bahari ya Lobito. Na mwaka 1952, mji huu ukiitwa bado Jadotville, njia ya kutoka hapa hadi Tenke ikatiwa umeme. Katika Afrika wakati ule, na hata katika Ulaya, nchi zilizokuwa zikiendesha treni kwa umeme wa aina ile zilikuwa chache sana. Leo anayeniambia kwamba Likasi haina cha kutazamwa, namwomba atembee nami hadi kwenye tuta la reli mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, baridi inapouma vidole na ukungu umelala juu ya nyasi.

Mimi nakaa pale. Si kila siku, lakini tangu mwaka jana nimekaa mara nyingi, na daftari mkononi. Treni haina ratiba ninayoijua. Pengine unasubiri asubuhi yote hupati kitu ila mbuzi wanaokula katikati ya mataruma na watoto wanaotembea juu ya chuma wakishindana nani ataanguka. Mwanzoni unasikia reli kabla ya kuona treni. Kisha injini inatokea kwenye kona, polepole, mwendo ambao kijana mwenye miguu mizuri anaweza kuufuata. Nyuma yake matangi ya mafuta, mabehewa yaliyofungwa, mabehewa ya wazi yenye mchanga wa madini au yenye hewa tupu.

Na juu, watu.

Hapo ndipo treni ya Likasi inapoachana na treni ya mwenzangu. Sijawahi kuona treni ya mizigo ikitoka kaskazini bila kuona vichwa vya watu juu yake. Mama amekaa juu ya magunia ya makala, mtoto mgongoni, kitambaa kimefunga mdomo kwa ajili ya vumbi. Vijana wamening'iniza miguu nje. Mzee amejifunika blanketi kama yuko kwake. Kuna kuku. Kuna godoro. Wakikuona wanapunga mkono, nawe unapunga, maana kutopunga ni utovu wa adabu. Huwezi kutazama kwa raha ile ya video. Unaanza kuhesabu watu, na ukihesabu, swali linakuja lenyewe: hawa ninaowahesabu nawaandika kwa jina gani?

Daftari langu la kwanza niliandika abiria. Nikakata. Nikaandika watu. Nikakata tena, nikaandika kwa Kifaransa neno ambalo redio na matangazo ya ofisi hulitumia: clandestins. Watu wa kujificha. Nikatazama tena juu. Mama yule alikuwa amekaa peupe kuliko mtu yeyote katika mkoa mzima wa Haut-Katanga, amevaa kitenge cha njano, ananipungia. Kama huyo amejificha, basi na mnara wa kanisa umejificha.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba jina la mtu huyo ni kazi yetu sisi, watu wa kitivo cha lugha, na kwamba tumeikimbia kazi hiyo kwa muda mrefu. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Mwaka 1910, mwaka uleule wa treni ya kwanza, ilianzishwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi kwa ajili ya migodi na reli. Jina lake lilikuwa Bourse du Travail du Katanga. Bourse ni soko, mahali bei zinapotajwa. Watu walikusanywa vijijini, wengine mbali sana, wakahesabiwa, wakaletwa. Baadaye, reli ya Kasai ilipokamilika, wengi walikuja kwa reli hiyo, pamoja na wake zao, kwa kuwa Union Minière ilikuwa imeamua kwamba mfanyakazi mwenye nyumba anakaa kazini kuliko mfanyakazi mwenye upweke. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Mwanzoni makazini ilisikika ile lugha ya amri iliyopandishwa kutoka migodi ya kusini mwa Afrika, kisha Kiswahili kikachukua nafasi yake. Johannes Fabian ameandika kitabu kizima, mwaka 1986, kuonyesha jinsi Kiswahili chetu kilivyopata nguvu pamoja na mipango ya kazi ya wakoloni. Waalimu wetu wanakitaja kila mwaka. Wanachosahau kututajia ni kwamba lugha tunayoandikia mitihani iliingia Likasi, kwa sehemu kubwa, ndani ya midomo ya watu waliokuwa wamepakiwa.

Na walipofika waliifanya yao. Waliweka ba- mahali pa wa-, wakaweka bi- mahali pa vi-, wakatia -aka mwisho wa kitendo kilichopita, wakatuletea ka- na tu- za udogo kutoka lugha za hapa na za Kasai, mpaka mtoto akawa katoto. Mwaka 1965 watumishi wa zamani wa majumbani, pale Elisabethville, waliandika historia ya mji wao katika Kiswahili hicho, chini ya jina la André Yav. Fabian aliichapisha tena mwaka 1990 pamoja na maelezo. Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiandika vile walivyoandika wao, karatasi yake inarudi imejaa wino mwekundu. Sipingi wino mwekundu. Lazima mtu ajue Kiswahili sanifu, nami naandika kwacho sasa hivi. Ninachosema ni kwamba kuna mambo yaliyotokea katika Kiswahili kile kingine, na ukiyasahihisha unayafuta.

Nitatoa mfano mmoja, nao ndio ulionifanya niandike.

Nkambo wangu, mama wa baba, ni Musanga wa hapa. Mwaka 1992 alikuwa akiuza mikate na chai karibu na stesheni, ambayo sisi sote tunaiita gare. Wasomaji wenye umri wanajua mwaka huo. Mwezi wa nane, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Huku kwetu vijana walichochewa, nyumba za watu wa asili ya Kasai zikavamiwa, zikachomwa, watu wakauawa. Waliofukuzwa walikimbilia mashule, makanisa, na zaidi ya yote gare. Walikuwa maelfu kwa maelfu. Wengi walikuwa wamezaliwa hapahapa, watoto na wajukuu wa wale walioletwa kwa reli. Walikaa gare kwa miezi, katika mvua, wakisubiri treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Magonjwa yaliua watoto. Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, zamu ya Kolwezi ikafika.

Nilimwuliza Nkambo alivyowaona wakipanda. Alisema walipanda chochote kilichokuja, na mara nyingi kilichokuja ni mabehewa ya mizigo. Kisha, bila kufikiri, akasema sentensi hii ambayo nimeiandika kama alivyoitamka:

“Bilulu bilijaaka ku gare.”

Bilulu ni wadudu. Ndilo jina walilopewa watu wa Kasai miaka ile, katika mikutano, mitaani, sokoni. Mnaweza kulisoma katika ripoti za watetezi wa haki za binadamu za wakati huo. Lakini mimi sikuwa nasoma ripoti. Nilikuwa nakula bukari na sombe jikoni kwa mwanamke anayenipenda kuliko watu wote duniani, na neno lile lilimtoka laini, kama jina la mboga.

Naomba tulitazame kama watu wa lugha. Katika Kiswahili sanifu, hata kiboko, ambaye umbo la jina lake ni la ngeli ya vitu, tunampa heshima ya uhai: kiboko anakuja, viboko wanakuja. Sarufi yenyewe inamhurumia mnyama. Nkambo hakusema balijaaka. Alisema bilijaaka. Katika silabi moja ile, bi-, jirani zake walikuwa wametoka katika kundi la bantu wameingia katika kundi la bintu, pamoja na magunia, mabati na masufuria. Mtaniambia kwamba Kiswahili cha hapa hufuata umbo la jina, kwamba upatanisho huo ni wa kawaida, kwamba hata mdudu wa kweli angepata bi- hiyohiyo. Sawa. Ndiyo maana nasema walilichagua vizuri. Mtu mwingine angeweza kutukanwa kwa jina linalobaki na ba-. Hili liliwaondoa.

Nikamwuliza: “Na weye Nkambo, ulisemaka vile?”

Alinyamaza. Akakwangua sufuria muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji. Halafu: “Siye bote tulisemaka.”

Aliongeza baadaye kwamba alikuwa akiwapa chai kwa deni mama wawili aliofahamiana nao tangu usichana, na kwamba deni hilo halikulipwa, na kwamba hakulitaka. Naamini. Mtu anaweza kutoa chai na kutoa neno lile kwa mdomo uleule, na ndiyo sababu neno linahitaji kuandikwa pamoja na chai yake.

Sasa tuje karibu. Mwezi wa nne mwaka 2014 treni ya mizigo iliacha njia upande wa Kamina, makumi ya watu wakafa. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2017, treni ya matangi ya mafuta iliyotoka Lubumbashi kwenda Luena, maana yake ilipita hapa kwetu, ilianguka bondeni upande wa Lubudi na kuwaka moto. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mwezi wa tatu mwaka 2022, pale Buyofwe, mkoa wa Lualaba, treni ya mabehewa 15 iliyokuwa ikitoka Luena kuelekea Tenke ilianguka usiku. Mabehewa 12 yalikuwa matupu. Matupu, nasema, kwa lugha ya makaratasi. Kwa kweli yalikuwa na mamia ya watu. Hesabu ya kwanza ilitaja watu 60 hivi, baadaye ikafika 75.

Nilikuwa bado shule ya sekondari. Nakumbuka nilivyosikia habari ile redioni: treni ya mizigo imeacha njia, mabehewa saba yametumbukia, kisha, mwishoni, wasafiri wa kujificha kadhaa wamepoteza maisha. Sentensi ilianza na treni na ikamalizia na watu. Sikusikia ubaya wowote. Leo, baada ya miaka ya kufundishwa kiima na kiarifu, nausikia. Yule aliyepanda ndani ya neno clandestin amekwisha kuhukumiwa kabla ya kuzikwa. Kosa ni lake: hakupaswa kuwa pale. Hakuna anayeuliza treni ya abiria ilikuwa wapi siku ile, au wiki ile, au barabara ya kutoka Luena mwezi wa mvua ina hali gani.

Mwezi uliopita nilimwuliza mama mmoja aliyeteremka na magunia matatu ya mahindi kama haogopi kupanda vile. Alidhani namshtaki. Akanijibu kwa hasira: “Miye haiko mwizi. Nililipaka.” Alikuwa amemlipa mtu, wapi na nani sikumwuliza, na hata angeniambia nisingeandika. Nililipaka: -aka hiyo inasema jambo limekwisha, limefungwa, lisirudishwe mezani. Sijapata katika Kiswahili sanifu namna fupi kama hiyo ya kusema kwamba mtu ana haki ya kukaa mahali alipokaa.

Nilipopeleka wazo hili kama somo la kazi yangu ya mwisho, mwalimu mmoja, ambaye namheshimu na simtaji, alinirudisha nyuma kwa sababu mbili. Kwanza alisema mwanafunzi wa lugha ashughulike na maneno, treni awaachie watu wa uchumi. Hilo nadhani nimelijibu. Sababu yake ya pili ilikuwa nzito zaidi: alisema kuyafukua maneno ya 1992 ni kufungua kidonda, na kwamba mji umepona kwa kunyamaza.

Nililala na hoja hiyo siku nyingi, kwa kuwa yeye aliyaona na mimi nilikuwa sijazaliwa. Ana haki ya kuogopa. Lakini miaka hii ya karibuni vijana wengi wa Kasai wamekuja tena Katanga kwa treni, juu ya mizigo, wakitafuta kazi, na sote tumesikia mazungumzo yalivyobadilika sauti katika mabasi na vijiweni: wanakuja wengi, wanajaa, watakwenda wapi. Kitenzi kile cha Nkambo, kujaa, kimerudi. Jina lile bado linanong'onwa tu. Mimi nasema ni afadhali lipatikane kwanza katika kazi ya mwanafunzi, na tarehe yake, na aliyelisema, na aliyeambiwa, na kilichomfika baada ya kuambiwa, kuliko lirudi mitaani likiwa jipya, vijana wa miaka kumi na minane wakidhani wamelibuni wao. Mji haukupona kwa kunyamaza. Ungekuwa umepona, Nkambo asingekwangua sufuria vile.

Basi nabaki na swali la jina. Nimeamua, katika daftari langu, kurudi kwenye neno nililolikata siku ya kwanza: abiria. Mwenzetu mmoja wa kitivo cha sheria amenipinga vikali. Anasema abiria ni mtu mwenye tiketi, kuna mkataba kati yake na mwenye chombo, na kumwita abiria mtu aliyepanda juu ya tangi la mafuta ni kumdanganya, maana siku ya ajali hatalipwa kitu. Hoja nzuri. Ila namkumbusha mwezi wa kumi mwaka 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama katika Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Nani aliwaita wale watu wa kujificha? Nani aliuliza tiketi zao? Wote tulisema abiria, tukalia. Kwa nini maji yampe mtu jina ambalo chuma kinamnyima?

Na neno behewa lenyewe liko upande wangu. Kamusi za zamani zinalieleza kama ua wa ndani wa nyumba kubwa, kabla halijapanda magurudumu. Yule mzee wa blanketi, aliyekaa kama yuko kwake, alikuwa amelielewa vizuri kuliko sisi.

Naandika haya wakati ambapo reli imerudi midomoni mwa wakubwa. Njia ya Lobito inasemwa kila mahali. Rais wa Marekani alifika Lobito mwenyewe mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024. Shaba ya Kolwezi imeanza kuteremka tena kuelekea bahari ile, baada ya miaka mingi ambayo vita vya Angola viliifunga njia. Nafurahi. Malori yanayopanga foleni kwenda Kasumbalesa yametuchosha, na mtu wa Likasi hawezi kuichukia treni. Ila nimesikiliza hotuba nyingi na kusoma matangazo mengi, na katika niliyoyasoma mizigo inatajwa kwa tani, kwa siku za safari, kwa bei. Mama wa magunia matatu simwoni. Kama hana jina leo, kwenye reli mbovu, sijui atalipata wapi reli itakapokuwa nzuri na mwendo wake mkali, mwendo ambao hauwezi kurukiwa.

Kwa walimu wetu ombi langu ni dogo. Tuachieni tukae gare. Wazee waliofanya kazi ya reli wanaondoka mmoja mmoja, na wanaondoka na majina ya kila kitasa, kila kona, kila hali ya mtu juu ya treni, katika Kiswahili ambacho hakimo katika kamusi yoyote ya maktaba yetu. Nimeanza na Nkambo kwa sababu yuko jikoni kwangu. Kila mmoja wenu ana jikoni.

Jumamosi iliyopita mwenzangu wa chumba alikubali kunifuata, simu mkononi, akisema atachukua video yake mwenyewe, Gobi ya Likasi. Tulisubiri tangu saa kumi na mbili mpaka saa nne na nusu. Ilipotokea, alianza vizuri, mkono haukutikisika: injini, matangi, behewa la wazi. Kisha watu walioketi juu wakaanza kutupungia, na msichana mmoja akapiga kelele akiuliza kama hapa ni Likasi tayari. Mwenzangu akashusha simu ili amjibu. Video yake inaonyesha nyasi na viatu vyake, na sauti yake ikiita: “Ndiyo, ni hapa! Shuka polepole!”

Bado hajaifuta. Ananiuliza aipe kichwa gani.